Siku Tarishi Alipopiga Hodi Kwetu

Wajukuu zangu waliosoma sayansi huniletea barua zao za kuomba kazi niwasahihishie. Wameambiwa babu yao alikuwa mwalimu mkali, hapitishi neno bovu. Basi huzisoma, nikakata huku, nikaongeza kule, na kabla sijawarejeshea nawauliza swali moja: nyumbani kwenu wanajua kama unatafuta kazi, na akija mtu kukuulizia, wanajua waseme nini? Hucheka. Siku hizi kuna simu, babu, nani atakuja kuuliza? Nami huwapa karatasi zao, maana hasira zinazonipanda saa hiyo si zao.

Mimi nilirudi Pemba na shahada ya elimu ya mimea katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Wenye shahada kisiwa kizima tungekaa kwenye jamvi moja na nafasi ingebaki. Nilipoteremka bandarini Wete na sanduku langu la bati, koti mkononi, watu walinipa mikono kama bwana harusi. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekumbuka. Nilikuwa nimekaa tu kwa mama, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nakula, nalala, nasoma magazeti ya zamani mpaka matangazo ya sabuni nikayajua kwa moyo.

Baba alifariki nikiwa bado chuoni bara, sikumzika. Mama alikuwa na mimi tu, na alikuwa na mdogo wake, mjane asiye na mtoto, aliyekaa nyumba ya pili. Huyo mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni miezi yote ile mama alipougua baada ya kunizaa. Nyumba mbili, ua mmoja, jiko moja. Asubuhi utawasikia wanagombana kwa chumvi, ikifika adhuhuri wanasukana nywele wakicheka hata hujui wanacheka nini. Nilikuwa nikikaa barazani nikiwasikia, nikasema moyoni, hapa ndipo kwetu, siendi tena pahala.

Lakini kukaa kunataka kazi. Na kazi niliyoisomea ilikuwepo hapo hapo mbele ya macho yetu: mikarafuu ilikuwa inakufa. Leo mti umesimama na majani yake, wiki ya pili umekuwa mweusi, ya tatu hauna hata jani. Shamba alilotuachia baba lilikuwa limeshapoteza safu nzima upande wa bondeni. Watu wakisema ni majini, wengine wakisema ni siasa, kwa kuwa mwaka ule kila kitu kilikuwa siasa. Jirani hamzikii jirani, na duka lililokuwa la watu wote likawa la watu fulani. Kumbe ni maradhi, na serikali ilikuwa imemleta Mzungu mmoja kuyachunguza. Mzungu huyo akataka msaidizi aliyesoma mimea. Nafasi moja tu.

Aliyeniletea habari ni mwalimu wangu wa zamani wa Wete, ambaye alikuwa hapiti ubao wa matangazo bila kuusoma. Nikiipata ile kazi nitabaki kwetu, na mama, na nitafanya nililolisomea, na huenda hata shamba la baba nikaliokoa. Nikiikosa, ama nirudi bara nimwache mama peke yake, ama shahada ile niitundike ukutani ipate vumbi. Hapakuwa na njia ya tatu.

Mwalimu akasema tujitayarishe. Jambo la kwanza ni barua. Niliiandika usiku kucha nikampelekea, akaisoma hadi mwisho, akaitupa mezani. "Nini hii? 'Ninajaribu kidogo kutumia hadubini.' Unajaribu? Unajua au hujui?"

"Najua, mwalimu, lakini..."

"Lakini nini? Huyu Mzungu hakujui kwenu. Ukimwambia unajaribu kidogo atakuamini!"

Kweli, nani kwetu anayejisifu? Tumelelewa mtu akikusifu wewe unainama, unasema si lolote, ni Mungu. Kuandika "mimi ni hodari" kwa mkono wangu mwenyewe niliona aibu kama niliyesimama sokoni bila nguo. Niliiandika mara sita. Ya saba mwalimu akaikubali, akaipeleka kwa karani rafiki yake akaipiga chapa, nikatia sahihi, ikaenda Chake, kwenye ofisi ya serikali.

La pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilitaka nikiitwa kwenye mahojiano niende na kitu mkononi. Basi nikawa natoka baada ya sala ya alfajiri, udongo ungali na umande, nikizunguka mashamba yenye miti iliyokufa nachimba mizizi. Naikata vipande, naitia kwenye chupa na spiriti, naandika karatasi ndogo: mti wa shamba gani, umekufa lini, mzizi una rangi gani. Nilikuwa na chupa kumi na moja zimepangwa chini ya kitanda. Niliona fahari, sifichi. Watu waliona kingine. Mtu anayekwenda mashamba ya wenziwe asubuhi asubuhi, anachimba mizizi, anaitia chupani, huyo anafanya nini? Haikupita wiki wakaanza kumjia mama. Mwanao kasoma uganga huko bara? Mwanao anatafuta nini? Bibi mmoja alinipisha njiani na akamvuta mjukuu wake nyuma ya kanga.

Mama aliogopa, lakini si uganga aliouogopa. Aliogopa jicho la hasidi. Kwetu jambo halisemwi mpaka limekuwa. Mimba hufichwa mpaka ijioneshe yenyewe, na mtu anayesafiri hujulikana kasafiri kwa kuwa hayupo. Mama alikuwa ameshanikanya tangu siku ya kwanza: hiyo kazi usimtajie mtu. Yeye mwenyewe alimtajia mmoja tu, mdogo wake, kwa vile asingeweza kuficha jambo kwa mtu wanayepika naye chungu kimoja.

Mimi na elimu yangu niliyaona hayo ya jicho ni upuuzi. Lakini siku moja nimerudi nimechoka, tope mpaka magotini, nakuta wanaume wawili barazani wananingoja waniulize mizizi ya nini na natumwa na chama gani. Nilipowaondoa niliingia ndani nikamfokea mama kana kwamba yeye ndiye aliyewaita.

"Mama, nimechoka na watu! Tokea leo akija yeyote kuniulizia, mwambie sipo. Mwambie nimerudi bara. Mwambie lolote utakalo, lakini mtu asinifikie."

"Haya, baba," akasema. "Nitawaambia hivyo."

Nayaandika maneno yale kama nilivyoyasema. Nimeyasikia tena mara nyingi kuliko yale ya watu wengine wote walionisemesha maishani.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Wete kwa mwalimu kujifunza kujibu maswali. Alikuwa amenipangia siku nzima. Alivaa tai, akakaa nyuma ya meza yake akijifanya Mzungu, akanitoa nje mara tatu kwa kuwa nimebisha mlango vibaya. Akaniazima viatu vyeusi vilivyonibana vidole nivizoee. Nikaulizwa kwa Kiingereza kwa nini nataka kazi hii, nikajibu; akasema hilo ni jibu la mtu anayeomba msamaha, jibu tena. Kufikia alasiri nilikuwa najibu bila kuinamisha kichwa wala sauti. "Sasa wakuite tu," mwalimu akasema. Nilirudi kwa miguu na vile viatu, vidole vinawaka moto, natembea njia nzima najisemea Kiingereza peke yangu.

Mama alinipakulia. Wali na mchuzi wa pweza, nakumbuka. Akaniambia, "Leo kaja mtu kukuulizia. Simjui. Kavaa kaki, ana baskeli na kijitabu. Kaniuliza hapa ndipo kwao yule mwanachuo anayeomba kazi serikalini. Nikamwambia hapa hapana anayeomba kazi, mwanangu keshakwenda zake bara. Kaandika kwenye kijitabu chake, kenda zake."

Nilikuwa natafuna. Kichwani nilikuwa bado mbele ya meza ya mwalimu, najibu swali la tatu. Watu wa kaki na baskeli siku zile walijaa kila njia, wa chama hiki na wa chama kile, wote wanaandika.

"Umefanya vyema, mama," nikasema.

Akafurahi. Akaniongeza mchuzi.

Nilingoja barua wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilizitia chupa zangu kwenye kikapu, nikavaa viatu vya mwalimu, nikaenda Chake mwenyewe. Ofisini nilimkuta karani mpole mwenye miwani, akanikaribisha kiti, akanisikiliza, akafungua jalada. Kisha akanitazama juu ya miwani yake.

"Bwana, si ulirudi bara wewe?"

"Sijatoka Pemba hata siku moja."

Alinigeuzia jalada nione. Ilikuwemo bahasha yenye jina langu, imepigwa chapa, haijafunguliwa, na juu yake maneno ya penseli: *Amerudi bara. Nimeambiwa na mama yake.* Yule Mzungu alikuwa na siku moja tu ya kukaa Chake, karani akanieleza, muda ulikuwa mfupi, ndiyo maana barua haikutiwa posta. Katumwa tarishi majumbani na kitabu cha kutia sahihi. Tuliitwa watatu. Wawili wamefika. Kazi kapewa mmoja wao na keshaanza.

Nikamwomba anipe ile bahasha. Akasema haiwezekani, ni ya serikali. Akaona hali yangu, akaifungua mwenyewe akanisomea. Waliniandikia nije Jumatano saa tatu, na nikiwa nina kazi yoyote niliyoifanya kwa mikono yangu, nije nayo. Kikapu kilikuwa baina ya miguu yangu. Sikukifungua.

Njia nzima ya kurudi nilipanga namna ya kumwambia mama. Nilikuwa na hasira naye, astaghafirullah, hasira za kutaka kupiga ukuta. Kila zikipanda nasikia sauti yangu mwenyewe: mwambie nimerudi bara. Nikasema nitamwambia polepole. Nitamwambia kosa ni letu sote wawili, langu zaidi.

Niliingia, akaniona uso, hakuningoja nikae. "Wamekunyima."

"Kapewa mwengine, mama."

Alikaa kitako pale pale kwenye mbuzi ya nazi, nazi mkononi. Akalia. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake: "Jicho hilo. Na mwenyewe namjua. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Na juzi hapo uani kasema kijana wetu atakuwa bwana mkubwa, wala hakusema mashaallah. Nimemsikia kwa masikio yangu. Yeye hana mtoto, ndio maana."

"Mama, mama mdogo hawezi..."

"Mwanangu, nyamaza. Hujui wewe mambo haya."

Nikanyamaza. Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilijiambia namhurumia mama, nitamwacha siku mbili tatu atulie, kisha nimweleze. Uongo. Nilikuwa naona haya kusema maneno yaliyotoka kinywani mwangu, na jicho la mama mdogo lilikuwa limeniondolea mzigo. Siku mbili tatu zikawa mwezi. Mwisho wa mwezi mama akamwita fundi akajenga ukuta wa makuti katikati ya ua, akajenga na jiko lake. Hata kijinga cha moto hawakuombana tena. Mama mdogo alileta sahani ya sikukuu, ikarejeshwa na kawa lake juu kama ilivyokuja. Alisimama nayo pale nje ya ukuta kitambo, kisha akarudi kwake.

Zile chupa mama alizimwaga, akaziosha, akatia mafuta ya nazi.

Mimi nilipata kazi ya kufundisha skuli Tumbe. Nikifundisha hesabu na maarifa ya mimea watoto ambao mchana walikuwa wanawahi kwenda kupokea samaki. Nikirudi nyumbani mwisho wa wiki namwona mama upande huu anapepeta mchele, na kwa juu ya makuti naona moshi wa jiko la pili. Mikarafuu ya bondeni ilikwisha yote. Mwaka wa tatu ukafika, na siasa zimezidi, na watu wakawa hawashangai tena ndugu wasiosemezana. Wasiotujua walidhani ni mambo ya vyama.

Mwaka huo mama mdogo akashikwa na kifua. Nilikuwa nikienda kumtazama kwa njia ya nyuma, mama asinione. Siku moja baada ya alasiri nilimkuta kakonda, kitandani kabaki macho tu, nikashindwa. Nilimshika mkono nikamwambia yote: tarishi, kijitabu, bahasha, maneno niliyomfundisha mama, na "umefanya vyema" yangu. Nililia kama mtoto. Nilidhani atanifukuza. Laiti angenifukuza.

Alinisikiliza akikohoa. Kisha akasema, "Baba, mbona najua."

"Unajua?"

"Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa jikoni nachambua karafuu. Nimemsikia tarishi, nimemsikia na dada yangu. Nikasema labda mmekubaliana wenyewe, mie yanihusu nini. Uliporudi Chake uso umekuvimba ndipo nilipofahamu."

"Na ukakubali kusingiziwa miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama ananishangaa mimi niliyesoma mpaka bara. "Nimwambie dada yangu kuwa riziki ya mwanawe kairudisha yeye kwa kinywa chake? Ataishije? Anaweza kuishi bila mie. Bila hilo hawezi." Akapumzika, pumzi zikampa tabu. "Na weye usimwambie. Nakuapisha."

Nilimwahidi. Nitasema kweli, kwa kuwa umri huu sina wa kumwogopa: nilipotoka mlangoni nilihisi nimepumua. Alikuwa amenipa ruhusa ya kufanya lile nililokuwa nalifanya siku zote. Nilifika kwetu nikala chakula nikashiba.

Alifariki kabla ya mavuno. Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda, wakauacha uso wazi ili walio wake wamuage kabla ya wanaume kumtoa. Mimi niliitwa ndani, kwa kuwa ni mtoto wake, hana mwengine. Chumba kilijaa wanawake wa kijiji, udi unafuka, wamekaa kwenye majamvi wananong'ona. Na mama alikuwepo. Alikuwa amekuja peke yake, kaupita ukuta wake wa makuti kwa mara ya kwanza, kafunga buibui mpaka kidevuni. Wote walimtazama. Walijua hawa wawili hawasemezani, na walijua kwa nini.

Akapiga magoti kichwani pa mdogo wake. Akamtengeneza ushungi wa sanda, polepole, kama aliyekuwa akimsuka. Nilisema moyoni, atamwomba radhi, na mimi nitakuwa nimesalimika.

Akainua sauti, chumba kizima kisikie.

"Mdogo wangu," akasema, "lile ulilomfanyia mwanangu nimekusamehe. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote. Nenda, huna deni langu."

Wanawake wakaitikia, wengine wakalia. Nikamsikia mmoja nyuma yangu anasema, mashaallah, huo ndio moyo. Mama akageuka akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya nazi.

"Na wewe, baba," akasema. "Aliyedhulumiwa ni wewe. Mwambie umemsamehe, apumzike."

Nilikuwa nimeapishwa. Nilikuwa nimeahidi. Na nje wanaume walikuwa wamekwishasimama na jeneza wanangoja. Niliinama nikaukaribia ule uso uliojua yote, niliouzoea kuliko uso wa mtu yeyote isipokuwa wa mama, na wanawake wakasogea wanisikie.

"Nimekusamehe, mama mdogo," nikasema.

Na nilisema kama mwalimu alivyonifundisha, bila kuinamisha sauti.